Mazoezi ya Uwakili Nje ya Darasa: Matogoro, Songea

Mazoezi ya uwakili nje ya darasa ni shughuli zote anazofanya kijana anayetaka kuwa wakili bila kupewa alama za mtihani: midahalo, vyama vya wanafunzi wa sheria, mahakama ya mfano, msaada wa kisheria kwa wananchi, kuandika kwenye majarida ya chuo, na kukaa mahakamani kusikiliza kesi za wengine. Makala hii inaziangalia kutoka Matogoro, kata ya Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma. Hapo hakuna kitivo cha sheria. Kuna Chuo cha Ualimu Matogoro, na hilo ndilo linalopafanya pastahili kutajwa, kwa sababu mtu wa kwanza kumsimamisha wakili wa kesho mbele ya watu na kumwambia "haya, sema, tunakusikiliza" huwa ni mwalimu.

Mahali penyewe

Milima ya Matogoro inauangalia mji wa Songea. Mto Ruvuma unaanzia humo, kisha unashuka na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Mji wenyewe unafahamika kwa Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo mashujaa wa Kingoni kwa makumi, na Makumbusho ya Majimaji yanatunza kumbukumbu yao. Mwalimu wa Songea anayetaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini mtu asikilizwe kabla ya kuadhibiwa hahitaji kutafuta mfano mbali.

Songea pia ni kanda ya Mahakama Kuu. Kwa kijana wa Matogoro jambo hili lina thamani kuliko anavyodhani. Kesi husikilizwa mahakama ikiwa wazi, isipokuwa sheria au jaji aagize vinginevyo, na msikilizaji halipi kiingilio. Atakayekaa benchi la nyuma asubuhi moja, amenyamaza, simu imezimwa, atamwona wakili akimwongoza shahidi wake, wakili wa upande wa pili akiinuka na maswali ya dodoso, kisha yule wa kwanza akirudi na maswali ya kusawazisha. Ataona pia kwamba wakili mzuri huuliza swali fupi, kisha anasubiri jibu.

Mlezi wa klabu

Katika shule za Tanzania kila klabu ina mwalimu mlezi. Ziko klabu za midahalo, klabu za wapinga rushwa zinazosimamiwa na TAKUKURU, na klabu za haki za binadamu ambazo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995, kimezieneza katika shule za sekondari. Uhai wa klabu uko mikononi mwa mlezi. Akihamishwa, mara nyingi klabu hufa kimyakimya na daftari la kumbukumbu likabaki kabatini. Ndiyo maana chuo cha ualimu ni sehemu ya historia ya uwakili hata kama hakifundishi kifungu kimoja cha sheria. Mwalimu tarajali anayejifunza kuendesha mdahalo akiwa chuoni ataondoka na ujuzi huo hadi Namtumbo, Mbinga au Tunduru, na huko utawafikia watoto ambao hawajawahi kumwona wakili.

Mdahalo wa shule una sura yake. Madawati yanapangwa pande mbili zikitazamana. Mwenyekiti anakaa katikati na katibu wake, na mtunza muda ana kengele mkononi. Mzungumzaji anaanza kwa kuwataja wote kwa heshima zao, mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wasikilizaji, na salamu hizo zinampa nafasi ya kuvuta pumzi. Hoja inayorudi kizazi hadi kizazi ni ile ya mkulima na daktari, nani bora. Songea, katika mkoa unaolisha sehemu kubwa ya nchi kwa mahindi, upande wa mkulima huanza na ushindi nusu, na kazi halisi humwangukia mtoto aliyepangiwa kumtetea daktari. Mlezi makini humpa nafasi hiyo mwanafunzi wake hodari. Katikati ya hotuba mtu anasimama: "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti!" Msamiati huo umetoka bungeni, na watoto wameuokota redioni. Mzungumzaji anapaswa kuamua papo hapo: aipokee taarifa, au aikatae kwa adabu na kuendelea bila kupoteza uzi. Wakili hufanya hivyohivyo jaji anapomkatiza kwa swali.

Kabla ya mdahalo wengi wetu tulipita kwenye ngonjera. Mathias Mnyampala, mwanasheria na mshairi kutoka Ugogo, ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu wa kitaifa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ngonjera ni mabishano yaliyotungiwa vina na mizani: mmoja anadai, mwenzake anapinga, na mwishoni ukweli unajitokeza na aliyekosea anakubali. Sioni ajabu kwamba mwanasheria ndiye aliyeikuza. Hata hivyo ngonjera haitoshi kwa wakili, maana mshindi amekwisha kupangwa na mtunzi. Katika mdahalo hakuna anayejua nani atashinda.

Kambona na meza za London

Neno "wakili" nchini Tanzania linabeba kazi ambazo Uingereza imezigawa kati ya watu wawili: mmoja anayesimama mahakamani na mwingine anayeshughulika na mteja na nyaraka. Wale wa mahakamani wanalelewa na vyama vinne vya kale vya London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Kabla Afrika Mashariki haijawa na kitivo chake cha sheria, huko ndiko walikokwenda vijana wengi wa Kiafrika waliotaka taaluma hiyo.

Mmoja wao alitoka upande huu wa nchi. Oscar Kambona, aliyezaliwa karibu na Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha TANU kabla ya kwenda London kusoma sheria katika Middle Temple. Baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Vyama vile vya London vilikuwa na sharti linalomshangaza mgeni: mwanafunzi hakuweza kukubaliwa kuwa wakili, hata akifaulu mitihani yote, bila kuhudhuria idadi maalumu ya chakula cha jioni ukumbini pamoja na wakubwa wa taaluma. Sharti hilo lilitokana na imani kwamba taaluma haikamiliki kwa vitabu, na kwamba kijana hujifunza namna ya kusema na kunyamaza kwa kukaa na waliomtangulia. Mngoni au Mmatengo aliyekulia kwenye baraza la wazee, mahali ambapo kijana husikiliza miaka mingi kabla ya kupewa neno, angelielewa mara moja.

Dar es Salaam tangu 1961

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, Sheria, chenye wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Wakati huo kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima, na hata baadaye walisoma hapo watu kama Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011. Julie Manning, mwanamke wa kwanza nchini kusomea sheria, aliteuliwa Waziri wa Sheria mwaka 1975.

Mlimani ndipo shughuli za nje ya darasa zilipopata uzito wa pekee. Mwaka 1967 wanafunzi wa vitivo mbalimbali, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wa kwanza, waliunda kikundi cha mapinduzi kilichojulikana kwa kifupi chake cha USARF. Walisoma pamoja, walialika wazungumzaji, na mwaka 1969 walianza jarida la Cheche. Mwanafunzi wa sheria Issa Shivji aliandika humo uchambuzi wake wa matabaka ya Tanzania. Novemba 1970 serikali ilikifunga kikundi pamoja na jarida lake. Shivji aliendelea. Aliongoza Tume ya Rais ya masuala ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, akashiriki kuanzisha taasisi ya HakiArdhi mwaka 1994, na hadi leo hoja za ardhi vijijini haziandikwi bila jina lake. Kalamu hiyo ilinolewa kwenye jarida la wanafunzi.

Jambo la pili la miaka hiyo halina kelele, lakini limegusa watu wengi zaidi. Mwaka 1969 kitivo cha sheria kilianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria. Wahadhiri na wanafunzi walikutana na wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili: mjane aliyenyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu, mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila haki zake. Anayemhoji mjane kwa mara ya kwanza hugundua kwamba hadithi haiji kwa mpangilio wa kitabu. Inaanzia kwenye msiba, inapita kwa shemeji, inarudi kwenye mahari, na tarehe iliyo muhimu inatajwa wakati mama ameshasimama kuaga. Hakuna mhadhara unaoweza kufundisha subira hiyo. Wanawake wanasheria waliifanya kazi ya namna hii kuwa nguzo ya chama chao, TAWLA, mwishoni mwa miaka ya 1980, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao katika wilaya za mbali ndio wanaofikiwa na mwananchi kwanza.

Mahakama ya mfano

Katika vyuo vya sheria shughuli yenye hadhi kubwa kuliko zote ni mahakama ya mfano. Wanafunzi wanapewa kisa cha kubuni, kinakatiwa rufaa, na kila timu inaandaa hoja za pande zote mbili, yaani mrufani na mjibu rufaa. Siku ya siku wanavaa nguo nyeusi na shati jeupe, wanaitana "wakili msomi", na majaji wana ruhusa ya kuwakatiza wakati wowote. Mashindano ya Afrika nzima ya haki za binadamu yalianza Harare mwaka 1992 na husimamiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria. Arusha, palipo na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pamoja na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, pamewapa wanafunzi wa Tanzania bahati ya kuwa na mahakama za kimataifa nchini mwao.

Mashindano mengi ya namna hiyo hayaendeshwi kwa Kiswahili, na hapo mtoto wa Matogoro anaumia mara mbili. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza anatakiwa kubishana kwa Kiingereza ambacho bado anakitafuta. Wenye akili kali hukaa kimya kwa sababu ya sarufi, na kimya hicho huchukuliwa kuwa hawana hoja. Hili ni kosa linalogharimu vipaji. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili miaka yote. Februari 2021 Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika kwa Kiswahili uamuzi katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara, aliteuliwa na Rais Magufuli kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na mwaka huohuo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale haki inapokihitaji. Klabu inayoendesha mdahalo kwa Kiswahili wiki moja na kwa Kiingereza wiki inayofuata inamwandaa kijana kwa mahakama zilizopo.

Njia ya kuingia

Baada ya shahada ya sheria, anayetaka uwakili Tanzania Bara hupita Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha huomba kwa Jaji Mkuu, huapishwa na jina lake kuingizwa katika daftari la mawakili. Anakuwa pia mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1954. Mlango huu si mpana. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633 walifaulu moja kwa moja 26, wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Damas Ndumbaro, ambaye alikuwa pia Mbunge wa Songea Mjini, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza. Katika mjadala uliofuata watu wengi walizungumzia vitabu, wahadhiri na lugha. Waliotaja miaka ambayo mwanafunzi hakuwahi kusimama kujenga hoja mbele ya mtu anayempinga walikuwa wachache mno.

Kijana asiyeweza kuondoka Songea anaweza kusoma sheria kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Anasoma akiwa kazini, na anachokosa ni wenzake wa kubishana nao jioni. Ndiyo maana wanafunzi wa namna hii wanahitaji vikundi vya kusoma pamoja, Wiki ya Sheria inayofanyika kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, na lile benchi la nyuma la mahakama.

Kwa shule, mahakama ya mfano haihitaji fedha. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Mlezi anaandika kisa cha ukurasa mmoja: mbuzi wa jirani wamekula mahindi, mwenye shamba amemkamata mmoja na amekataa kumrudisha. Anateua hakimu, wazee wawili wa mahakama, mdai, mdaiwa, shahidi mmoja kila upande, na mawakili wawili. Mashahidi wanatoka nje wasisikie wenzao. Kila wakili anapewa maswali matano tu ya dodoso, ili ajifunze kuchagua. Hakimu anaandika hukumu yenye sababu na kuisoma kwa sauti. Wiki inayofuata kisa ni kilekile, lakini aliyemtetea mwenye mbuzi sasa anasimama upande wa mwenye shamba.