UZI: Mtihani wa kuingia sekondari na vizazi vinne vya nyumba moja

1/ Kila matokeo yakitoka, mjadala ni uleule. Wengine wanasema: aliyepita apewe shule aliyoitaka, basi. Wengine: mtoto wa akademia na mtoto anayesomea chini ya mti hawakukimbia mbio moja. Sitaji chama wala mwanasiasa hapa. Nataka tuangalie historia, kupitia nyumba yetu, Tulia, Kitui. Jina la mahali lisiwadanganye. Msimu wa matokeo huku hakuna anayetulia.

2/ Tuanze na babu yangu, 1955. Chini ya mpango wa Kamati ya Beecher wa 1949, shule ya Mwafrika iligawanywa miaka 4, 4 na 4, na kila mlango ukawekewa mtihani. Babu alikatwa darasa la nne, kwa mtihani wa mchujo. Alikuwa na miaka 12. Wakati huohuo, kwa watoto wa Wazungu elimu ilikuwa ya lazima tangu 1942.

3/ Hadi leo babu husema "nilianguka". Lakini hebu fikiria: nafasi za darasa la tano zilikuwa zimehesabiwa kabla hajashika kalamu. Hata kama darasa lake lote lingeandika vizuri, wengi wangerudi nyumbani tu. Shikeni hilo, tutalirudia.

4/ Mama yangu, 1976. Uhuru umekuja, mtihani wa darasa la nne umeondolewa, msingi ni miaka 7, na mwishoni kuna CPE. Karatasi 3: Kiingereza, Hisabati na ile ya mchanganyiko. Alama ya juu kabisa, pointi 36. Kiswahili hakikutahiniwa! Mama alipata pointi za kusifiwa kanisani, lakini si za kuitwa shule ya serikali.

5/ Sasa hapa ndipo Ukambani iliingia na jibu lake. Sisi tuna mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Wazazi walichoma matofali, kina mama wakabeba maji na mchanga kutoka mtoni, shule ya harambee ikasimama. Haikuwa huku tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, sekondari zisizopata msaada wa serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa idadi.

6/ Yaani wazazi walioambiwa "watoto wenu wameanguka" walijibu kwa kujenga nafasi. Lakini nafasi haikuwa sawa. Mama alifika kidato cha nne bila kuingia maabara hata siku moja, kwa sababu maabara haikuwepo. Na karo ya harambee ilikuwa juu kuliko ya shule za serikali. Aliyekosa mtihani ndiye aliyelipa zaidi kwa kidogo.

7/ Mimi, KCPE, miaka ya 1990. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na pamoja nao ile kanuni ambayo bado inapiganiwa mitandaoni: shule za mkoa zichukue asilimia 85 ya wanafunzi kutoka mkoa wenyewe. Wanaoitetea husema jamii iliyojenga shule isomeshe watoto wake. Wanaoipinga husema ilimfungia mtoto katika mkoa wake na kuua utangamano. Kwa maoni yangu, kila upande una ukweli wake.

8/ Wacha niungame. KCPE niliifanya mara mbili. Mara ya kwanza, kati ya alama 700, nilipata za shule ya kutwa. Baba akanirudisha darasa la nane shule nyingine. Mwaka uliofuata nikaitwa shule ya bweni, kijiji kikanipongeza. Miaka mingi baadaye ndipo nilijiuliza: ile nafasi ningeacha, angeipata nani? Kuna kijana alifanya mara moja tu, hakuwa na baba wa kumrudisha, nami nilikuwa mbele yake.

9/ Tupite haraka. 2003: elimu ya msingi bila malipo, madarasa yanafurika. 2011: wizara yagawa nafasi za shule za kitaifa kati ya watoto wa shule za umma na za binafsi, kelele hadi mahakamani. Kutoka 2011 shule za kitaifa zaongezwa, kutoka 18 hadi zaidi ya 100. Huku kwetu Kitui School na Muthale Girls zikaingia, Makueni Boys pia. 2014: kuorodhesha shule bora kwapigwa marufuku. 2018: kila aliyefanya KCPE aende sekondari. 2023: KCPE ya mwisho.

10/ Binti yangu alifanya KJSEA 2025, kundi la kwanza. Mimi nikamtayarisha kama mtu wa KCPE: makaratasi, tuisheni ya likizo (ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza, nakiri), saa 10 alfajiri ameamshwa. Akaniambia, "Baba, hii si ile yenu."

11/ Alikuwa sahihi. Mtihani wa Gredi ya 9 ni asilimia 60 tu. Asilimia 20 zilitoka mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine kazi za darasani alizofanya Gredi ya 7 na ya 8. Mzazi anayeanza kukimbia muhula wa mwisho amechelewa kwa asilimia 40. Kilichomsaidia mwishoni ni kitu kidogo. Mtihani huja mwisho wa Oktoba, mvua inapokaribia na kila mkono unatakiwa shambani. Tulikubaliana na mama yake: wiki hizo, hagusi jembe.

12/ Alama zikaja, nzuri. Tulikuwa tumechagua shule 12. Alitaka mkondo wa sayansi, shule ya C1. Akapangiwa shule ya kutwa ya C4. Ya karibu, nashukuru. Maabara yake ina kuta na paa, ndani hamna kitu. Kwa kizazi cha nne, tumerudi kwenye maabara ya mama yangu.

13/ Simu ya kwanza niliyopigiwa ilikuwa ya rafiki: "Unamjua mtu wizarani?" Nikakaa na hilo swali usiku mzima. Ni kurudia darasa la nane kwa jina jingine. Kesho yake niliomba uhamisho kwa njia ya kawaida, kisha nikaenda kwenye mkutano wa wazazi wa hiyo shule ya kutwa, kuuliza vifaa vya maabara vinakuja lini.

14/ Kwa hivyo, mkisikia jukwaani "mtihani huu ni haki" au "si haki", ulizeni maswali mawili zaidi. Nafasi nzuri ni ngapi? Na aliyekosa anaenda wapi, kuna mwalimu wa fizikia huko? Tumebadilisha jina la mtihani mara nyingi. Mtihani hupanga foleni tu, hauongezi viti.

15/ Babu alipotembelewa alimwuliza binti yangu, "Ulianguka?" Akamjibu, "Hapana babu, nilipita. Shule ndiyo haijaisha." Januari hii ameingia Gredi ya 10 hapohapo. Uhamisho bado tunangoja.

Mwisho wa uzi. Nyumbani kwenu ni mtihani upi ulifunga mlango, na mlifanya nini? Niambieni hapa chini.