Chatsworth: Farasi Walipojengewa Kasri

Mgeni anayepanda mteremko ulio juu ya nyumba kuu ya Chatsworth, huko Derbyshire, Uingereza, anaweza kudhani amefika kwenye kasri la pili. Langoni zimesimama nguzo nne, juu yake ngao ya ukoo wa Cavendish, na kulungu wawili wa kuchongwa waliovishwa pembe halisi. Juu kabisa kuna mnara wa saa. Fahari yote hiyo ni ya banda la farasi.

Mabanda ya zamani yalikuwa karibu mno na nyumba, yakiharibu mandhari. Duke wa nne wa Devonshire, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliyabomoa na kumpa msanifu James Paine kazi ya kujenga mengine. Ujenzi ulianza 1758 ukaisha 1767. Duke mwenyewe alifariki 1764.

Paine alijenga mraba wa ghorofa mbili, karibu mita 58 kila upande, wenye uwanja katikati. Chini walikaa farasi 80, pamoja na karakana ya mhunzi wa kuwapigilia viatu vya chuma. Juu yalikuwa maghala ya nafaka na vyumba vya masaisi. Nafaka ilikaa mbali na unyevu wa ardhini, na saisi aliyelala juu ya farasi hakuhitaji kuitwa usiku mmoja wao akianza kupiga mateke.

Lakini kinachonivutia zaidi si lango. Ni mlango mmoja wa ghorofani uliobaki na maandishi ya rangi: mpanda farasi wa tatu. Huyo ndiye aliyekaa mgongoni mwa mmoja wa farasi wanaokokota gari, akiwaongoza. Jina lake halikuandikwa. Kiliandikwa cheo, tena cha tatu.

Matajiri wengine nao hawakubaki nyuma. Kule Wentworth Woodhouse, Yorkshire, Marquess wa Rockingham, mwenye farasi Whistlejacket aliyechorwa na George Stubbs, alimpa John Carr kazi ya mabanda yaliyoanza kujengwa 1766. Yalitosha farasi 84, wanne zaidi ya Chatsworth. Mimi hapo naona ushindani.

Farasi wa mwisho waliondoka Chatsworth 1939. Banda likawa stoo na gereji, na vyumba vya masaisi vikageuzwa makazi ya wafanyakazi na wastaafu. Siku hizi humo mna migahawa na maduka ya wageni.