Usiku wa simu feki: Miaka 10 baadaye, machimboni bado tunauziwa mbuzi kwenye gunia

Juni hii imetimia miaka 10 tangu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchini. Ilikuwa Alhamisi, Juni 16, 2016, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Ilipogonga saa 6 usiku, simu ambazo namba zake tambulishi hazikutambulika zilianza kukatwa kwenye mitandao. Wenye simu hizo wakabaki na tochi, redio na saa. Katika kata ya Nyarugusu wilayani Geita, kama ilivyo katika machimbo mengine ya ukanda huu, simu ndiyo benki ya mchimbaji mdogo na ndiyo njia yake ya kuulizia bei ya dhahabu. Hapa jambo lile halikupita kama habari ya mjini.

Kumbukumbu hii inatupa nafasi ya kusimulia historia ambayo haijaandikwa vya kutosha: jinsi bidhaa za elektroniki za Asia zilivyofika kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Kanda ya Ziwa, na kwa nini wanunuzi wake wamekuwa siku zote watu wa mwisho kupata habari zake. Upande wa Serikali unasimuliwa na matangazo ya TCRA ya wakati ule. Upande wa pili ni wa mafundi simu, ambao tofauti na sisi wengine waliijua simu kwa kuifungua. Ukimuuliza fundi historia ya simu ya Mchina, haanzi na maduka ya Kariakoo. Anaanza na chipu.

Kabla ya simu ilikuwapo redio. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, kikatoa redio na betri za National, jina ambalo baadaye lilikuja kuwa Panasonic. Philips ya Uholanzi nayo iliunganisha redio zake Arusha. Redio ndiyo iliyobeba kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Simu za mkononi ziliingia katikati ya miaka ya 1990 zikiwa mali ya wachache. Mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, yenye tochi kichwani na vitufe visivyopitisha vumbi, kifaa kilichomfaa mno mtu anayeshinda kwenye vumbi la karasha la kusagia mawe. Kisha akaja Mchina.

Simu ya Mchina ilianzia Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu nchini Taiwan. Mwaka 1997 ilizaliwa huko kampuni ya MediaTek, chini ya mhandisi Tsai Ming-kai. Mwanzoni ilitengeneza chipu za mashine za kusomea sidii na za deki za DVD. Ilipohamia kwenye simu, miaka michache baada ya kuanza kwa karne hii, ilileta utaratibu uliopindua soko zima. Hadi wakati huo, kampuni iliyotaka kuunda simu ilihitaji jeshi la wahandisi na miaka ya kazi. MediaTek iliuza chipu pamoja na programu yake na mchoro wa sakiti, vyote tayari. Kiwanda kidogo cha Shenzhen, kusini mwa China, kilibakiwa na kazi ya kutafuta kasha, kioo, betri na spika, na vitu hivyo vyote vilipatikana katika masoko ya Huaqiangbei, mtaa wa biashara ya elektroniki ndani ya mji huohuo. Oktoba 2007 Serikali ya China iliondoa sharti la leseni maalumu ya kutengeneza simu. Viwanda vikaota kila kona.

Matokeo yake tuliyaona wenyewe. Zikaja simu zenye spika iliyosikika kijiwe kizima, taa za rangi zilizowaka wimbo ulipopigwa, antena ya kuvuta televisheni, na juu ya yote, nafasi ya laini mbili. Mafundi wanasisitiza kipengele hicho cha mwisho, na wana haki. Katika nchi yenye Vodacom, Tigo, Celtel na Zantel, ambako kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, mtu mwenye laini moja alikuwa amefungwa mguu mmoja. Machimboni hali ilikuwa na uzito zaidi, kwani mtandao unaoshika juu ya kilima huweza kupotea ukishuka mwaloni. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, laini ikageuka kuwa pochi, na mtu akatamani pochi mbili. Kampuni kubwa za Ulaya zilichelewa kulielewa hitaji hilo. Viwanda vya Shenzhen vililielewa mapema, na kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006, ikalifanya kuwa msingi wa biashara yake kwa majina ya Tecno na itel. Mwaka 2011 ikafungua kiwanda Ethiopia.

Hapa ndipo panapohitaji kufafanuliwa, maana mkanganyiko huu ulitugharimu. Simu ya Mchina na simu feki si kitu kimoja. Tecno ilitoka China na ilikuwa halali. Kinachotenganisha halali na bandia machoni pa mtandao ni namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu, 6 zinazofuata huitambulisha simu yenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Mtengenezaji halali huomba namba hizo kwa utaratibu wa kimataifa. Vile viwanda vya uchochoroni havikuomba. Vingine viliandika sifuri tupu, vingine vilinakili namba ya simu ya kampuni nyingine na kuibandika kwenye maelfu ya simu. Kwa mnunuzi aliyesimama mbele ya kaunta hakukuwa na tofauti ya kuonekana. Boksi lilikuwa boksi, na chaja ilikuwa chaja.

Dunia ilikwishaliona tatizo hilo. India ilianza kukata simu zisizo na namba halali mwishoni mwa 2009. Kenya ilizima karibu simu milioni 2 kuanzia Oktoba 1, 2012. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta tangu 2010, ambayo iliagiza kuwapo kwa rajisi kuu ya namba tambulishi na kufanya kubadili namba hizo kuwa kosa la jinai. Rajisi yenyewe ilizinduliwa Desemba 2015. Wananchi wakapewa miezi sita.

Miezi hiyo sita ndiyo iliyokuwa na vuguvugu. Redioni na kwenye vipeperushi ulitolewa wito uleule: piga *#06#, soma tarakimu 15, zitume kwenda namba 15090, usubiri jibu. Huenda hakuna somo la teknolojia lililowahi kuenea Tanzania kwa kasi namna ile. Watu ambao hawakuwahi kujua kwamba simu ina namba nyingine zaidi ya ile ya laini, sasa walikuwa wakihakiki simu za wazee wao. TCRA ilieleza sababu zake: simu bandia humdhuru mtumiaji kwa vifaa visivyopimwa, hudhoofisha huduma, na huwaficha wezi na wahalifu kwa kuwa haziwezi kufuatiliwa. James Kilaba, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Mkurugenzi Mkuu, alishikilia kwamba tarehe haitasogezwa, na haikusogezwa.

Malalamiko nayo yalikuwa na hoja. Simu hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipita bandarini na viwanja vya ndege, zikalipiwa au zikakwepeshwa ushuru, zikapangwa kwenye maduka yenye leseni. Taasisi za kukagua bidhaa zilikuwapo muda wote. Mlolongo ule mrefu, kuanzia Shenzhen hadi Kariakoo, kutoka Kariakoo hadi Mwanza na Katoro, ulikuwa na watu waliojua wanachouza na watu waliopaswa kukizuia. Adhabu ilimwangukia yule wa mwisho, ambaye ndiye pekee aliyekuwa hajui. Mchimbaji aliyeuza vipoint vyake vya dhahabu akanunua simu kwa fedha halali hakupewa nyingine. Alishauriwa siku nyingine adai risiti na dhamana.

Mafundi wana lalamiko lao, na ni la kiufundi. Wanasema simu nyingi zilizozimwa zilikuwa na chipu zilezile zilizokuwa ndani ya simu zilizoachwa hai, za MediaTek au za Spreadtrum ya Shanghai. Ubora ulitofautiana kwenye betri, kwenye chaji na kwenye kulehemu, lakini moyo ulikuwa mmoja. Hoja hiyo haifuti sababu za TCRA, na mwandishi huyu anaamini kuzimwa kwa simu zile kulikuwa hatua sahihi. Inachoonyesha ni jambo jingine. Watu waliokuwa na maarifa ya kumwonya mnunuzi tulikuwa nao, wamekaa kwenye meza zao za mbao katika kila senta ya machimbo, na hakuna aliyewauliza mapema.

Wenzetu wa Asia walikwishalitatua tatizo hilo la habari. Mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya MediaTek kuzaliwa, mchambuzi wa sekta ya teknolojia Colley Hwang aliongoza kuanzishwa kwa DigiTimes mjini Taipei, gazeti la biashara linaloandika jambo moja tu: viwanda vya teknolojia na elektroniki vya Asia. Nani amepata oda, kiwanda kipi kimeongeza mitambo, chipu ipi imeadimika, bei ya kioo imeelekea wapi. Septemba 21, 1999, tetemeko kubwa lilipoitikisa Taiwan na viwanda vya Hsinchu vikasimama, bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani kote. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski za kompyuta, na bei ikaruka hadi kwenye maduka yetu. Mfanyabiashara mwenye gazeti kama hilo mezani anajua kwa nini bei imepanda na ajipange vipi. Asiye nalo hupandishiwa bei bila maelezo.

Sisi tulianza vizuri. Business Times ilitoka mwaka 1988 na kufungua njia ya magazeti binafsi ya biashara nchini, ila kwa Kiingereza. Magazeti ya Kiswahili yana kurasa za uchumi zenye waandishi hodari, lakini gazeti la Kiswahili linaloifuata biashara ya simu, betri, paneli za jua na redio kuanzia kiwandani hadi gulioni sijaliona kwenye meza ya muuza magazeti. Pengo hilo linanikera, kwa sababu bidhaa hizo ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya fedha inayotoka machimboni.

Linakera zaidi ukikumbuka kwamba Nyarugusu si mgeni katika biashara hiyo. Dhahabu ni malighafi ya elektroniki. Viunganishi vya simu hupakwa dhahabu kwa sababu haipati kutu na hupitisha umeme vizuri, na nyaya nyembamba za ndani ya chipu kwa miaka mingi zilikuwa za dhahabu. Viwanda vya teknolojia hutumia takribani tani 300 za dhahabu kila mwaka, na simu 30 hivi hubeba kama gramu moja. Ukanda wa Geita, ulioanza kuchimbwa kibiashara katika miaka ya 1930, unachangia katika soko hilohilo la dunia. Tunatoa kitu kinachoingia ndani ya simu, kisha tunainunua simu bila kujua kilichomo.

Miaka 10 iliyofuata usiku ule wa simu feki imekwenda mbio. Halotel, iliyotoka kwa Viettel ya Vietnam mwishoni mwa 2015, ilisambaza minara vijijini. Usajili wa laini kwa alama za vidole ukafuata, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Uhaba wa chipu duniani ulipandisha bei mwaka 2021. Simu janja zikawa za kawaida.

Jambo moja la kujivunia linatufundisha njia. Machi 2019 Geita lilifunguliwa soko la madini, la kwanza la aina yake nchini, na tangu hapo bei elekezi imekuwa kitu cha kila siku. Leo mchimbaji wa Nyarugusu hakubali bei ya kubuni kutoka kwa broka. Anafungua simu, anaangalia, anabishana kwa takwimu. Uhuru huo ameupata kwa sababu habari ya bei imemfikia kwa lugha yake na kwa wakati. Bidhaa za elektroniki zinastahili utaratibu huohuo. TCRA, Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wana taarifa za kinachoingia nchini. Vyumba vya habari vina waandishi. Senta za machimbo zina mafundi wanaoweza kusema, kabla ya mtu kutoa fedha, betri ipi inavimba na chaja ipi inaunguza. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kila wiki, wenye bei, ubora na asili ya bidhaa, ungetosha kuanzia. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara iliyobebwa na wanunuzi katika usiku mmoja wa Juni 2016.