Deraya Iliyombeba Mgonjwa

Tarehe 24 Aprili 1547, jeshi la Kaisari Charles V lilivuka Mto Elbe na kuwashinda wakuu wa Kiprotestanti karibu na Mühlberg, Ujerumani. Kaisari alikuwa na miaka 47. Jongo lilimtesa hata mara nyingine akasafirishwa kwa machela.

Mwaka uliofuata alimwita mchoraji Titian kutoka Venice aende Augsburg kumchora kwa ukumbusho wa ushindi huo. Mwandishi Pietro Aretino, rafiki wa mchoraji, alimshauri achore pembeni ya Kaisari sura za Dini na Sifa katika umbo la watu. Titian hakufanya hivyo, na nadhani alimzidi rafiki yake ujanja. Katika picha ile, yenye kimo cha zaidi ya mita tatu, hamna adui, hamna maiti wala askari. Yumo mpanda farasi mmoja, mkuki mkononi, kitambaa chekundu kifuani, uso umechoka. Kinachotawala ni deraya.

Deraya yenyewe ilifuliwa mwaka 1544 na Desiderius Helmschmid, mhunzi wa Augsburg. Ili kupamba chuma namna hiyo, mafundi wa zama hizo walikipaka nta, wakachora kwa sindano, kisha wakamwaga asidi ili imomonyoe chuma pale nta ilipokwanguliwa. Dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, ikapashwa moto mpaka zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Mvuke ule ni sumu; utukufu wa wafalme uliingia mapafuni mwa mafundi. Kifuani pa deraya ile pana sura ya Bikira Maria, na katika vita vya Kaisari Mkatoliki dhidi ya Waprotestanti hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana yake.

Bunduki zilikwisha anza kuipunguzia deraya kazi yake vitani, lakini wachoraji hawakuiacha. Mwaka 1551 Titian alimchora Philip, mwana wa Kaisari, ndani ya chuma kilichonakshiwa dhahabu. Karibu karne moja baadaye Anthony van Dyck akampandisha Charles I wa Uingereza juu ya farasi, naye kavaa deraya. Mfalme huyo alikatwa kichwa mwaka 1649.

Picha ya Mühlberg iliunguzwa na moto wa jumba la kifalme la Alcázar mwaka 1734, ikakarabatiwa, na sasa imo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Deraya imehifadhiwa katika ghala la silaha la kifalme, jijini humo humo. Ukijaliwa kufika, anza na deraya, ndipo uione picha.