Zanzibar kwa mkaaji wa Bunia: vya kuona, vya kula, na njia ya pembe iliyofika Ituri

Mji Mkongwe ni sehemu ya zamani ya mji wa Zanzibar, kwenye kisiwa cha Unguja, ndani ya Bahari ya Hindi upande wa Tanzania. Tangu mwaka 2000 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kila siku wazungu wanatembea humo na kamera shingoni. Wakongomani ni wachache. Lakini mfanyabiashara wa Bunia mwenye kushuka mpaka Dar es Salaam kutafuta vipuri, nguo ama gari, akiisha kufika pale anabakiza kama saa mbili tu za bato ya mwendo wa mbio. Wengi wanamaliza kazi yao na kurudi. Wanakosa kuona fasi yenye kuhusu historia ya Ituri kuliko wenyewe wanavyofikiri. Na wanakosa halua.

Njia na makaratasi

Kutoka Bunia mpaka Kampala kuko njia mbili zenye kujulikana. Ya kwanza inapita Mahagi na mpaka wa Goli, halafu Nebbi na Pakwach. Ya pili inashuka Kasenyi, inavuka ziwa Albert mpaka Ntoroko, kisha Fort Portal. Kila mtu anajua kwamba hali ya usalama inabadilika, kwa hiyo mtu aulize habari ya barabara siku ile ile ya kuondoka, si wiki moja mbele. Toka Kampala kuko mabasi ya kwenda Dar es Salaam. Ni safari ndefu na miguu inavimba.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hiyo haiondoi makaratasi. Pasipoti inaangaliwa mpakani, na inaangaliwa tena kwenye bandari ya Zanzibar, hata kama mtu ametoka Dar es Salaam, ndani ya nchi ile ile. Karata ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa mwenye kutoka Kongo. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2024, wageni wenye kutoka nje ya nchi wanaombwa pia bima ya safari ya Zanzibar, iliyowekwa kwa dola 44. Raia wa nchi za Jumuiya aulize bei yenye kumhusu kabla ya kulipa. Na dola za zamani, zile zilizochapwa kabla ya mwaka 2006, mara nyingi zinakataliwa kule.

Neno moja juu ya salamu. Mtu wa Bunia anasema "Jambo" kwa baba yake, kwa mwalimu, kwa muuza nyanya. Kule Zanzibar, "Jambo" imegeuka salamu ya watalii: anayesema hivyo anahesabiwa kuwa mgeni, na bei inapanda kidogo. Kwa mzee inafaa kusema "Shikamoo", naye atajibu "Marahaba". Kwa wengine, "Assalamu alaikum" ama "Habari za saa hizi" inatosha. Kisha wenyeji watasikia lafuzi, watacheka, watauliza: Mkongo? Hapo mazungumzo yanaanza vizuri.

Jioni kwenye Forodhani

Jua likikaribia kushuka, wauza chakula wanapanga meza zao kwenye bustani ya Forodhani, mbele ya bahari. Bustani hiyo ilitengenezwa upya na shirika la Aga Khan na ikafunguliwa tena mwaka 2009. Taa zinawashwa, moshi wa makaa unapanda, na vijana wanaruka kutoka ukutani kuingia majini huku watu wakiwapigia makofi.

Mwenye kuzoea samaki ya Tchomia atashangaa mbele ya pweza. Huyu ni mnyama wa bahari mwenye mikono minane, haonekani katika ziwa Albert. Nyama yake ni nyeupe na ngumu kidogo, ina utamu wake. Anachomwa kwenye kijiti, ama anapikwa supu yenye wanaume wanaisifu sana, kila mmoja kwa sababu zake. Kuko pia kamba, ngisi, na mishkaki ya ng'ombe. Ushauri ni mmoja: uliza bei kabla ya kuonyesha kidole, na angalia kama samaki imechomwa sasa hivi ama imelala juu ya meza tangu mchana.

Kile wanachoita pizza ya Zanzibar si pizza ya Italia hata kidogo. Mpishi anavuta unga mpaka unakuwa mwembamba sawa karatasi, anaweka nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili na yai, anakunja kona nne, anakaanga kwenye chuma cha moto. Nyingine inawekwa ndizi na chokoleti, na hiyo watoto wanapenda. Inafaa kukumbuka hapo kwamba Mambasa na Irumu wanalima kakao, magunia yanapita Uganda kila msimu, na wakulima wengi hawajaonja chokoleti yenye kutoka kwenye magunia yao.

Lakini mwenye kutaka kula sawa wenyeji aache Forodhani kwa watalii usiku mmoja, atafute urojo. Ni supu nzito ya rangi ya manjano, yenye uchachu wa ukwaju ama embe mbichi. Ndani ya bakuli wanatupa viazi, bajia, kachori, vipande vya mishkaki, chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo. Mtu wa Ituri anajua muhogo wa bugali, anajua sombe, ambayo kule wanaiita kisamvu. Muhogo mkavu wa kutafuna juu ya supu chachu ni kitu kingine. Kijiko cha kwanza kinashangaza. Cha tatu kinaeleza kila kitu.

Pombe ni jambo la kujua mapema. Wakaaji wengi wa Zanzibar ni Waislamu. Nguruwe haionekani sokoni, na bia inauzwa katika hoteli na restora fulani tu, si kila kona sawa Bunia. Wakati wa Ramadhani, kula ama kunywa mchana barabarani ni kukosea watu heshima. Lakini ukisubiri mpaka jua lishuke, Ramadhani njo mwezi mzuri kuliko yote kwa mpenda vitu vitamu: kaimati zilizochovywa sukari, visheti, vitumbua, mkate wa kumimina wa unga wa mchele na nazi, tambi za sukari.

Nyumba, milango na kanisa

Mchana ni wa kutembea. Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba, gari haziingii katika nyingi, na kupotea ni kawaida. Milango ya mbao yenye kuchongwa maua na kupigwa misumari mikubwa ya shaba ndiyo inapigwa picha zaidi. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa, mwisho wa karne ya 17. Karibu yake iko Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa kazi za kulitengeneza, na wafanyakazi wawili wakafa. Soko la Darajani, lenye jengo lake la mwaka 1904, ni la karafuu, mdalasini, hiliki, samaki, na kelele.

Kisha kuko kanisa la Waanglikana, kwenye fasi ambapo soko la watumwa lilikuwa. Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873 juu ya kusukumwa na Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa mwaka ule ule chini ya Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu. Steere huyo alifanya kazi kubwa ya kuandika Kiswahili kwa herufi za kilatini na kutafsiri Biblia. Nje ya kanisa kuko shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, na karibu yake vyumba vya chini, vyenye dari fupi, ambavyo wageni wanaonyeshwa kama fasi watumwa walifungiwa.

Hapa mtu wa Ituri asikilize vizuri, juu waongozaji mara nyingi wanachanganya mambo. Wengi waliouzwa katika soko hili walitoka upande wa ziwa Nyasa na bara ya Tanzania ya leo. Misitu ya Ituri ilifikiwa kwa nguvu katika miaka ya 1880, soko likiwa limeisha kufungwa. Kitu ambacho misafara ilikuja kutafuta Ituri kilikuwa pembe za tembo. Watu walikamatwa, vijiji vikachomwa, lakini wengi wa waliokamatwa hawakuona bahari hata siku moja: walibakizwa huku huku bara, wakawa wapagazi, askari, wake, wakulima wa mashamba ya mabwana wao. Pembe ndizo zilizofika Zanzibar, na faida yake ikabaki kule.

Jina la kutafuta ni Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyezaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Mwezi wa 2 mwaka 1887, kule Zanzibar, alipatana na Stanley: akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold II. Wote wawili wakapanda meli moja pamoja na mamia ya wapagazi Wazanzibari, wakazunguka Afrika kwa kusini mpaka mdomo wa mto Kongo. Kutoka Yambuya, Stanley aliingia msitu wa Ituri. Humo akakuta kambi za wafanyabiashara wa pembe waliomtangulia, Ugarrowwa na Kilonga-Longa, wenye kutoka pwani, na watu wao Wamanyema. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa katika msitu huo kabla wengine kutokea kwenye ziwa Albert mwezi wa 12 mwaka 1887.

Nyumba ya Tippu Tip iko kartie ya Shangani. Kwa miaka mingi haikuwa makumbusho. Familia za kawaida zimekaa ndani, nguo zikianikwa juu ya mlango mzuri wa kuchongwa. Alifia Zanzibar mwaka 1905, akiwa ameandika maisha yake kwa Kiswahili. Mgeni wa Ulaya anapita pale dakika mbili. Mtu wa Mambasa ama Irumu ana haki ya kusimama zaidi.

Juu misafara ile ile iliacha kitu. Waliobaki Ituri hawakurudi pwani. Wajukuu wao wako mpaka leo, na katika vitabu vya wakoloni waliitwa Waarabishé. Walileta mchele na miembe. Lugha yao, ambayo wakoloni waliita Kingwana kwa sababu ya wale wangwana wa misafara, njo ilikuwa mzazi wa Kiswahili cha Bunia. Mama anayekaanga mandazi asubuhi kando ya barabara anatumia neno lile lile linalotumika Darajani. Sambusa, chapati, pilau, ni vile vile. Mwenye kuona vitu hivi Zanzibar na kusema "hata kwetu viko" hasemi uongo, lakini bei ambayo Ituri ililipa haijaandikwa kwenye ukuta wowote wa Mji Mkongwe. Afadhali mtu amuulize mwongozaji wake swali hilo wazi. Wako wenye kujua, hawaulizwi.

Halua na kahawa

Halua ilitoka Oman pamoja na masultani. Inapikwa kwa sukari, wanga, samli na maji katika sufuria kubwa, pamoja na hiliki, kungumanga, zafarani na lozi. Inakorogwa kwa saa nyingi na mwiko mrefu, bila kuacha, juu mwenye kuacha anaunguza chungu kizima. Wanaume wanapokezana. Inatoka nzito, yenye kung'aa, rangi ya kahawia, na inanata kwenye vidole. Ni tamu sana. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, na njo maana haiendi peke yake: inaenda na kahawa chungu, isiyo na sukari hata kidogo, katika vikombe vidogo visivyo na mkono.

Fasi nzuri ya kunywa kahawa hiyo ni kona yenye kuitwa Jaws Corner, kwa jina la filamu ya papa. Wazee wanakaa kwenye mabaraza ya mawe, wanacheza bao na karata, wanazungumza siasa kwa sauti kubwa. Muuza kahawa anamimina toka birika refu la shaba. Kashata za nazi ama karanga zinauzwa pembeni kwa pesa kidogo. Mgeni anakaribishwa, ila asitoe kamera kabla ya kuomba ruhusa.

Kwa zawadi ya kurudi nayo Bunia, karafuu na mdalasini za Darajani ni nyepesi na hazivunjiki. Halua nayo haihitaji frigo. Ikifungwa vizuri inakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Kwa desturi inawekwa katika vikapu vidogo vya ukili vyenye mfuniko. Mnunuzi aonje kwanza, achague yenye lozi nyingi, na aombe wafunge mara mbili kwa plastiki, juu njia ni ndefu na samli inapenda kuvuja ndani ya nguo.