Mambo 5 yaliyogeuza historia ya Kitui na Makueni (na vile Kenya ilipata jina)

Cheki, ukipanda basi ya Mombasa, kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito Andei unapita ndani ya Makueni. Wasee wengi hapo huwa wamelala ama wako kwa simu. Kitui nayo wengi huijua tu wakati wa kiangazi, ikitajwa kwa habari za msaada wa chakula.

Lakini kitambo, ukitaka kutoka Pwani uingie bara, hawa ndo walikuwa wanajua njia. Soma haya mambo 5 ujue walivyoishika hiyo njia, walivyoipoteza, na siku waliyoikanyaga tena kwa miguu.

1. Mbooni, karne ya 17

Wakamba walitulia kwanza kwenye vilima vya Mbooni, Makueni ya leo. Huko juu kuna maji na udongo poa, na adui ukimwona mapema unajipanga. Watu walipoongezeka, mashamba yakabana. Wengine wakavuka mto Athi kwenda Kitui.

Sasa Kitui si Mbooni. Ni kukavu, mvua ya huko hata sai huwezi iamini. Kilimo peke yake hakingetosha, so watu wakaingia kwa uwindaji na biashara. Njaa ikiuma, ulikuwa unabeba ulicho nacho unaenda kwa majirani kubadilishana na chakula. Kwa Kikamba hiyo inaitwa kuthuua. Hapo ndo hustle ya Mkamba ilianzia.

2. Pembe za ndovu, karne ya 18 na 19

Kuthuua kukakua kukawa biashara kubwa. Misafara ilitoka Kitui na pembe za ndovu, ikatembea wiki kadhaa mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga, chumvi na waya za shaba. Wakamba wengine walibaki huko kabisa, na mpaka leo kuna vijiji vyao Rabai na Kwale.

Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Pwani hakuwa anaingia bara mwenyewe. Alikuwa anangoja Mkamba alete mzigo. Ukishika njia, bei unapanga wewe.

3. Kivoi na Krapf, 1849 hadi 1851

Shuleni tuliambiwa Johann Ludwig Krapf "aligundua" Mlima Kenya. Buda, huwezi gundua kitu umeonyeshwa na wenyeji.

Krapf alikuwa mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai. Kivoi alikuwa tajiri wa Kitui, mwenye misafara mikubwa ya pembe. Ni Kivoi aliyemwambia kuna mlima una kitu cheupe juu. Krapf akafunga safari mpaka Kitui, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona kwa mbali. Alipoandika, wasomi wengine London walikataa kabisa kwamba theluji inaweza kuwa karibu na ikweta.

Jina nalo? Maelezo yanayojulikana sana ni kwamba Wakamba waliuita Kiinyaa, kutokana na nyaa, yaani mbuni, juu mlima una weusi na weupe kama manyoya ya mbuni dume. Krapf akaliandika vile alivyolisikia, likawa Kenia. Mwaka wa 1920 Waingereza wakaipa koloni nzima hilo jina. So ukitoa kitambulisho chako, hapo kuna neno lililopitia Kitui.

Mwisho wa Kivoi ulikuwa mbaya. 1851 alikuwa anampeleka Krapf upande wa mto Tana, majambazi wakavamia msafara wakamuua. Krapf akahepa porini peke yake, maji akiyabeba ndani ya mtutu wa bunduki. Aliporudi Kitui, watu wa Kivoi walimlaumu, na ilibidi ahepe tena ndo afike Rabai hai.

Baada ya hapo misafara ya Waswahili na Waarabu ikazidi kuingia bara yenyewe. Njia ikaanza kuwatoka Wakamba.

4. Njaa na reli, 1896 hadi 1899

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Ilipita Kibwezi, Makindu na Emali, upande wa Makueni. Kitui, nyumbani kwa matajiri wa misafara, ikaachwa kando.

Na ilikuja wakati mbaya. Ng'ombe walikuwa wamekufa na sotoka miaka michache nyuma, halafu mvua ikakosa kabisa 1898. Ndui nayo ikaingia. Wakamba wanaiita njaa hiyo Ngomanisye, kwa sababu ukikimbilia mahali pengine unaikuta huko pia. Yaani hata kuthuua hakukusaidia. Mzungu alipokuja na sheria na kodi, alikuta watu wamechoka tayari.

5. Ng'ombe wa 1938

Serikali ya mkoloni ilisema Wakamba wana mifugo mingi mno na udongo unamomonyoka. Ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa lazima na kuwauza bei ya kutupa. Wakati huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilitaka ng'ombe wa bei rahisi. Wewe jumlisha.

Julai 1938 watu wengi, wanaume, wamama na watoto, wakatembea kutoka Machakos mpaka Nairobi. Makueni ya leo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo ya Machakos. Kiongozi alikuwa Muindi Mbingu. Walikaa Kariokor karibu wiki sita wakitaka Gavana awasikize. Mbingu akashikwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuwachukua ng'ombe kwa nguvu ukaachwa. Hawakuwa na bunduki. Walitembea tu, halafu wakakataa kurudi nyumbani.

Ile Muindi Mbingu Street unapitia tao, karibu na City Market, ni yeye huyo.

Makueni ilipata wilaya yake 1992, na tangu 2013 ni kaunti kama Kitui. Kwa hivyo mtu akikuambia Ukambani ni ukame tu, mwambie aanze na jina la nchi yake. Na kama uko na susu huko ushago, muulize Ngomanisye ilikuwa nini. Huenda yeye aliisikia kwa susu wake.