Umenunua Klarineti Mpya ya Mbao? Fanya Hivi Isikupasukie Mwezi wa Kwanza

Hatimaye doh imetosha na klarineti ya mbao iko kwa keja. Manze, hongera! Lakini kabla uichape masaa matatu mfululizo ndio plot nzima ijue umeinunua, soma hii kwanza. Mwezi wa kwanza ndio huamua kama hiyo kitu utakaa nayo miaka ama utaanza kuitafutia fundi mapema.

Kwa nini mbao mpya hupasuka?

Klarineti nyingi za mbao hutengenezwa kwa mpingo, ule mti mweusi unaomea Tanzania, Msumbiji na hata hapa Kenya. Ndio ule ule Wakamba na Wamakonde huchongea vinyago. Ni mzito hadi ukiutupa kwa maji unazama, na huchukua miongo mingi kukomaa.

Lakini ugumu wake usikudanganye. Pumzi yako ina joto na unyevu. Ukipuliza, mbao ya ndani inakunywa huo unyevu na kuvimba, wakati ya nje bado ni baridi na kavu. Ndani inasukuma, nje imekataa, mwishowe inapasuka. Mara nyingi ufa huanzia kipande cha juu, kwa sababu pumzi hufika huko ikiwa bado moto.

Mambo ya kufanya

1. Anza pole pole. Wiki ya kwanza cheza dakika 15 hadi 20 kwa siku, basi. Wiki ya pili nenda 30, ya tatu 45, ya nne saa moja. Kama karatasi ya mtengenezaji inasema tofauti, fuata hiyo. Una shoo wiki ijayo? Omba klarineti ya plastiki ya mtu.

2. Ipashe joto kwa mikono. Asubuhi ya Julai Nairobi si mchezo. Shika kipande cha juu kwa viganja ama kifiche ndani ya jaketi dakika kadhaa. Usipulizie ndani ndio ipate joto, hapo ndio unaharibu kabisa.

3. Kausha kila mara. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye kamba mara mbili tatu. Ukicheza kitambo, simama katikati ukaushe pia. Futa na maungio, maji hupenda kujificha hapo.

4. Paka grisi ya koki. Kama vipande vinakataa kuingiana, usilazimishe. Paka grisi kidogo kwa koki, kisha zungusha taratibu. Angalia usikunje vile vyuma vya vitufe.

5. Toa ridi. Usiiache imefungwa kwa mdomo wa klarineti usiku kucha, itaota ukungu. Kila ridi irudi kwa kikasha chake. Mdomo wenyewe uoshe na maji vuguvugu. Maji moto yanauharibu rangi na hata umbo.

6. Iweke mbali na jua. Usiiache kwa dinga iliyopaki juani, kwa dirisha, wala karibu na jiko. Ukisafiri nayo kutoka Mombasa hadi Limuru, iache itulie ndani ya kasha kabla ya kucheza.

7. Mafuta ya kupikia, zii! Kuna wanaopaka mafuta maalum ya mbao ndani ya klarineti, lakini si kila mtengenezaji anakubali. Uliza fundi kwanza, kwa sababu mafuta yakifika kwa pedi za vitufe yanaziharibu.

Ukiona ufa je?

Usipanic, na usiguse gundi ya dukani. Wacha kucheza hapo hapo, ikaushe, ipeleke kwa fundi wa ala za muziki. Ufa mdogo unazibwa kwa gundi maalum, mkubwa unashikwa kwa pini ama mkanda, na klarineti inarudi kuimba fiti. Ukiendelea kupuliza, ufa unaweza kufika kwa tundu za vidole, na hapo bili inapanda. Piga picha pia, kama bado uko kwa warranty zitakusaidia.

Na kama yako ni ya plastiki, ruka namba 1, haipasuki kwa unyevu. Lakini kukausha na kuiepusha na jua, bado inakuhusu.